Kuuza nyumba: Nyaraka za kutayarisha kabla ya kumtafuta mnunuzi

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye nyumba anayekusudia kuiuza nchini Kenya hana budi kuizingatia methali hiyo kabla hajapaka kuta rangi mpya wala kumpigia dalali simu.

Kwa kawaida mambo huenda kinyume. Mwenye nyumba hufikiria kwanza bei, kisha mteja, na karatasi huzitafuta mwisho, wakati mkataba umekwisha kutiwa saini na siku zinahesabiwa. Hapo ndipo hugundulika kwamba ushuru wa kaunti haujalipwa kwa miaka tisa, kwamba rehani iliyomalizwa zamani ingali katika rejista, au kwamba hatimiliki bado ina jina la marehemu baba. Mnunuzi hudai kupunguziwa bei, au huchukua pesa zake na kwenda zake.

Hasara hiyo huepukika. Muuzaji anayekusanya nyaraka zake mapema na kuziweka katika faili moja huuza kwa haraka, hutetea bei yake bila kubabaika na hajiweki katika hatari ya kushtakiwa baadaye. Makala haya yanaeleza nyaraka zinazohitajika, mahali zinakopatikana na sababu ya kila moja.

Hati peke yake haitoshi

Kwa miaka mingi Wakenya waliamini kwamba anayeshika hatimiliki ameshika ardhi. Mahakama zimeiondoa imani hiyo hatua kwa hatua. Mnamo 2013 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mmiliki ambaye asili ya hati yake imetiliwa shaka hawezi kutoka kwa kuonyesha hati tu. Ni lazima aeleze jinsi alivyoipata na kuthibitisha kwamba njia hiyo ilikuwa halali.

Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mzozo ulihusu ardhi iliyo kando ya bahari katika mtaa wa Nyali. Kampuni hiyo ilikuwa imeinunua na ilikuwa na hati, lakini mahakama ilisema kuwa ardhi hiyo ilikuwa ya umma na haikutolewa kwa njia halali tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, aliyenunua baadaye hakuweza kulindwa na Katiba. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba barua ya kugawiwa ardhi si hatimiliki na haimpi mtu umiliki.

Wananchi hawakuhitaji kusoma hukumu hizo ili kuelewa uzito wake. Waliona nyumba zikibomolewa Syokimau mnamo Novemba 2011, na nyingine Athi River, katika ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland, mnamo Oktoba 2023. Katika matukio yote mawili, wapo waliokuwa wamelipia ploti zao na kupewa stakabadhi.

Ndiyo maana mnunuzi wa leo huuliza maswali ambayo baba yake hakuuliza. Haridhiki kuambiwa nyumba ni ya nani. Anataka kujua ilitoka kwa nani, na huyo naye aliipata wapi. Muuzaji mwenye majibu yaliyoandikwa huwa amekwisha kuvuka nusu ya safari.

Hatimiliki na ukoo wake

Waraka wa kwanza katika faili ni hatimiliki yenyewe. Muuzaji aisome upya, neno kwa neno. Je, jina lililoandikwa linalingana na lile la kitambulisho cha kitaifa? Wengi waliosajili ardhi zamani walitumia majina mawili, au jina la ubatizo lililoandikwa kwa namna tofauti. Tofauti ndogo kama hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo, na aliyebadilisha jina kabisa huhitaji hati rasmi ya mabadiliko hayo. Ni heri kazi hiyo ifanywe mapema kuliko kusubiri karani aikatae fomu ya uhamishaji.

Ikiwa hati imepotea, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu nyingine kutolewa, lakini baada ya msajili kutangaza jambo hilo na siku 60 kupita. Muuzaji anayengoja mnunuzi apatikane ndipo akaripoti kupotea kwa hati huwa amejipotezea miezi miwili au zaidi.

Nyuma ya hatimiliki ziwekwe karatasi zinazoonyesha ukoo wake: mkataba ambao muuzaji alinunulia, nakala ya fomu ya uhamishaji, risiti ya ushuru wa stempu alioulipa wakati huo, na fomu ya mgawanyo ikiwa kipande hicho kilikatwa kutoka kwa shamba kubwa. Aliyepata ardhi kupitia kampuni au ushirika wa kununua ardhi ahifadhi pia cheti cha hisa, risiti za malipo na kikaratasi cha kura kilichomwonyesha ploti yake. Aliyegawiwa na serikali aweke barua ya kugawiwa pamoja na risiti zinazothibitisha kwamba alitimiza masharti yake.

Aidha muuzaji aeleze aina ya umiliki. Umiliki huru hauna kikomo cha muda. Umiliki wa kukodi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kumalizika, na miaka iliyobaki huathiri bei moja kwa moja, kwa kuwa benki husita kukopesha pesa kwa nyumba ambayo muda wa ardhi yake u karibu kwisha. Ikiwa miaka iliyobaki ni michache, yafaa mwenye nyumba aombe kuongezewa muda kabla ya kuuza. Kuhusu wanunuzi wa kigeni, Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinaeleza kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi pekee, na kwa muda usiozidi miaka 99.

Upekuzi rasmi wa rejista

Mnunuzi mwangalifu atafanya upekuzi rasmi katika sajala ya ardhi. Muuzaji mwenye busara hufanya upekuzi huo mwenyewe kwanza, ili asisikie habari za nyumba yake kutoka kwa mgeni.

Cheti cha upekuzi huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, aina ya umiliki na mizigo iliyosajiliwa juu yake. Mizigo hiyo ni kama rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki fulani, kizuizi cha msajili au zuio la mahakama. Kila kimojawapo huzuia uhamishaji hadi kiondolewe kwa utaratibu wake.

Jambo linalowashangaza wengi ni rehani. Kumaliza kulipa mkopo hakuiondoi rehani katika rejista. Benki hutakiwa kutia saini hati ya kuiondoa, na hati hiyo husajiliwa. Wapo waliomaliza kulipa miaka kumi iliyopita, wakarudishiwa hatimiliki yao na kuiweka sandukuni, bila kujua kwamba sajala ingali inaonyesha deni. Ikiwa mkopo ungali unalipwa, nyumba bado yaweza kuuzwa, ila muuzaji apate barua ya benki inayoonyesha salio, na mkataba ueleze kwamba sehemu ya bei italipa deni hilo.

Mnamo Aprili 27, 2021, serikali ilizindua mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, ukaanza na sajala ya Nairobi. Mwenye ardhi iliyo katika sajala zilizokwisha kuingizwa humo afungue akaunti na kuhakikisha kwamba kipande chake kimeonekana kwa jina lake. Aidha Sheria ya Usajili wa Ardhi ilifuta sheria kadhaa za zamani za usajili, na hati zilizotolewa chini ya sheria hizo zimekuwa zikibadilishwa na kupewa nambari mpya. Muuzaji ambaye hati yake ni ya mfumo wa zamani aulize imefikia hatua gani na kuweka nambari zote mbili katika faili.

Mipaka na ukubwa

Matangazo ya nyumba nchini hupenda kusema ploti ni ya hamsini kwa mia, na papo hapo yakaiita thumni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane. Vipimo hivyo viwili havilingani. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000, ambazo ni kama hekta 0.0465. Thumni kamili ya ekari ina futi za mraba 5,445, karibu hekta 0.0506. Tofauti ni mita za mraba 41 hivi, eneo linalotosha kujenga chumba cha kulala na sebule. Hatimiliki huandika ukubwa kwa hekta, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kuandikwa katika maelezo ya nyumba.

Pamoja na hati, faili liwe na nakala ya ramani ya usajili ya eneo hilo au ramani ya upimaji iliyoambatishwa na hati. Hata hivyo, sheria inaeleza kwamba mipaka ambayo haikupimwa na kuthibitishwa rasmi huonyeshwa na ramani kwa makadirio tu. Hivyo basi ni vyema mpima ardhi aliyesajiliwa aitwe, atafute bikoni, azirudishe zilizong’olewa na kuandika ripoti fupi. Ua uliojengwa hatua mbili ndani ya ploti ya jirani ni bora kugunduliwa na mwenye nyumba kuliko na wakili wa mnunuzi.

Mpima ardhi huyo aulizwe pia kama sehemu yoyote ya jengo imeingia katika hifadhi ya barabara, njia ya nyaya za umeme au ukingo wa mto. Wanunuzi hawajasahau majumba yaliyobomolewa Nairobi mnamo Agosti 2018 kwa kudaiwa kuwa yalijengwa kwenye kingo za mito, wala mafuriko ya Aprili na Mei 2024.

Wanaopaswa kukubali

Jina lililo kwenye hati laweza kuwa la mtu mmoja, lakini haki ya kukataa mauzo ikawa ya wengi.

Wa kwanza ni mwenzi wa ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza kuuzwa kwa mali ya wanandoa, katika ndoa ya mke mmoja, bila idhini ya wote wawili. Waislamu, chini ya sheria hiyo hiyo, wanaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Idhini hiyo iandikwe na kutiwa saini mbele ya wakili. Muuzaji asiye na mwenzi huandika kiapo cha kueleza hivyo. Mume anayeuza kwa siri akitumaini kumweleza mkewe baadaye humwachia mnunuzi kesi badala ya nyumba.

Wa pili ni warithi. Nyumba ya marehemu haiwezi kuuzwa kwa sababu tu watoto wamekaa kikao na kukubaliana. Chini ya Sheria ya Urithi, ni lazima mahakama iteue wasimamizi wa mirathi, na hata hao hawaruhusiwi kuuza ardhi au nyumba kabla ya idhini waliyopewa kuthibitishwa na mahakama. Kwa hiyo nakala ya cheti cha kifo na ile ya uthibitisho wa mahakama ziwekwe mbele kabisa katika faili. Familia inayotaka kuuza nyumba ya wazazi ianze na mahakama, kisha dalali.

Wa tatu ni Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ikiwa nyumba imo katika ardhi ya kilimo. Sheria ya bodi hizo yataka ombi la idhini liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, na mauzo yasiyopata idhini huwa batili. Katika vikao vyake, bodi nyingi hutaka kumwona mwenzi wa muuzaji, na pengine watoto waliofikia utu uzima, na kuwauliza ana kwa ana kama wameridhia.

Anayeishi ng’ambo na kumwachia ndugu yake kazi ya kuuza anahitaji hati ya uwakilishi iliyoandikwa kisheria na kusajiliwa. Ujumbe wa simu au barua pepe haumpi ndugu huyo mamlaka ya kutia saini uhamishaji.

Kodi na madeni ya nyumba

Kuna malipo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Kodi ya ardhi ni ile inayodaiwa na serikali kwa ardhi iliyokodishwa, na cheti cha kuonyesha kwamba hakuna deni hutolewa na Wizara ya Ardhi. Ushuru wa ardhi wa kaunti hutozwa na serikali ya kaunti, nayo hutoa cheti chake. Mwenye ardhi ya kukodi huhitaji vyote viwili, pamoja na idhini ya kuhamisha kutoka kwa mamlaka iliyoikodisha. Madeni ya ushuru wa kaunti huongezewa adhabu, hivyo muuzaji aombe taarifa ya deni mapema na kulipa, au ajue kiasi kitakachokatwa kutoka kwa bei.

Bili za maji na umeme nazo zina nafasi yake. Bili za miezi sita ya mwisho huthibitisha kwamba mita zimesajiliwa kihalali na humpa mnunuzi picha ya gharama za kuishi hapo. Palipo na kisima kilichochimbwa kwa mashine, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kiambatishwe.

Karatasi za jengo

Hatimiliki hueleza habari za ardhi. Haisemi neno lolote kuhusu kuta zilizosimama juu yake. Kwa hiyo sehemu ya pili ya faili ihusu jengo: ramani za ujenzi zilizoidhinishwa na kaunti, au na baraza la mji kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 2013, cheti cha kuruhusu watu kuishi ndani, ramani ya mabomba na nyaya ikiwa ipo, na vibali vya vyumba vilivyoongezwa baadaye.

Vyumba vilivyoongezwa ndivyo huleta matata. Mwenye nyumba aliyejenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba kuu bila idhini huwa anauza pia hatari ya kubomolewa. Anaweza kuomba idhini sasa, au aeleze wazi kwamba haipo na bei izingatie hilo. Tangu jengo la ghorofa sita lilipoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua watu wengi, si ajabu mnunuzi kuja na mhandisi wake. Ripoti ya mhandisi iliyotayarishwa na muuzaji hupunguza wasiwasi.

Risiti za ujenzi nazo zisitupwe. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ilirejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, ilipandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 1, 2023, na hulipwa na muuzaji. Hutozwa faida, yaani bei ya kuuza baada ya kutoa gharama za kununua, kuboresha na kuhamisha. Nyumba ambayo mtu binafsi ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi, lakini ya kupangisha hutozwa.

Chukulia mtu aliyenunua ploti kwa Sh2 milioni, akajenga nyumba ya kupangisha kwa Sh6 milioni na sasa anaiuza kwa Sh11 milioni. Akiwa na risiti na mikataba ya mafundi, faida yake, kabla ya gharama nyingine ndogo, ni Sh3 milioni na kodi ni Sh450,000. Akishindwa kuthibitisha gharama za ujenzi, faida inayohesabiwa huwa Sh9 milioni na kodi Sh1.35 milioni. Sanduku la risiti kuukuu za saruji na mabati linaweza basi kuokoa Sh900,000.

Fleti na nyumba za pamoja

Anayeuza fleti huuza sehemu ya jengo linalomilikiwa na wengi. Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo, inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake yenyewe. Kabla ya hapo wamiliki wengi walipewa mikataba ya kukodi ya muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Muuzaji aeleze fleti yake iko katika kundi lipi na, ikiwa bado haijabadilishwa, hatua iliyofikiwa.

Faili la fleti liwe pia na ramani ya kitengo, nambari ya maegesho, kanuni za wakazi, na barua ya wasimamizi inayothibitisha kwamba ada ya huduma imelipwa. Juu ya yote, mnunuzi atataka kujua kama hati mama ya ardhi ingali rehani kwa benki iliyomkopesha mjenzi, kwa maana deni hilo laweza kumfuata aliyekwisha kulipa kila kitu.

Nyumba bila ardhi

Mombasa ina hali ya pekee. Katika mitaa kama Majengo, wako wenye nyumba za Kiswahili ambao wanamiliki jengo tu, huku ardhi ikiwa ya mtu mwingine anayelipwa kodi kila mwezi au kila mwaka. Nyumba hizo huuzwa na kununuliwa, lakini hazina hatimiliki.

Faili la muuzaji wa nyumba kama hiyo hujengwa kwa makubaliano yake na mwenye ardhi, risiti za kodi ya ardhi mfululizo, mikataba ya wauzaji waliomtangulia na idhini iliyoandikwa ya mwenye ardhi kumkubali mnunuzi mpya. La muhimu kuliko yote ni uwazi. Mkataba utamke bayana kwamba kinachouzwa ni nyumba bila ardhi, ili mgeni kutoka bara asije akadhani amenunua vyote viwili.

Ukurasa wa maelezo

Nyaraka zikikamilika, muuzaji aandike muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili kwa ajili ya kila anayekuja kuitazama nyumba. Utaje mahali ilipo, ukubwa wa ardhi kwa hekta, aina ya umiliki na miaka iliyobaki, mwaka wa kujengwa, idadi ya vyumba, vyanzo vya maji, namna ya kuondoa maji taka, hali ya barabara na vitu vitakavyobaki, kama vile tangi la maji, mitambo ya sola na makabati ya jikoni. Wapangaji wakiwamo, mikataba yao, kodi wanayolipa na amana walizoweka zitajwe.

Kisha zije kasoro. Ukuta wenye ufa, paa linalovuja, uwanja unaojaa maji kila masika, mzozo na jirani, kesi iliyo mahakamani: yote yaandikwe. Kijijini, makaburi ya jamaa yaliyomo katika shamba yaonyeshwe na ikubaliwe kama familia itaendelea kuyazuru. Kuna wanaoona kwamba kufichua kasoro ni kujipunguzia bei. Ukweli ni kwamba mnunuzi akiambiwa kasoro mwanzoni huihesabu mara moja. Akiigundua mwenyewe, hushuku kila jambo lingine aliloambiwa. Zaidi ya hayo, aliyedanganywa kuhusu jambo la msingi anaweza kwenda mahakamani kuuvunja mkataba au kudai fidia, na kutoa taarifa za uongo kwa msajili wa ardhi ni kosa la jinai.

Kuzilinda nyaraka

Faili zuri likiangukia mikononi mwa matapeli huwa silaha. Nakala ya hati pamoja na kitambulisho na nambari ya PIN ndivyo vitu ambavyo mghushi hutafuta. Kwa hivyo nyaraka zitolewe kwa hatua.

Kila mtazamaji apewe ukurasa wa maelezo pekee. Aliyeonyesha nia ya kweli apewe nakala ya hati ili afanye upekuzi, na nakala hiyo iandikwe katikati kwa herufi kubwa kwamba ni ya ukaguzi tu, pamoja na tarehe na jina la aliyepewa. Hati halisi isitoke nje. Akitaka kuiona, aione katika ofisi ya wakili wa muuzaji. Dalali asikabidhiwe hati halisi kwa hali yoyote, na muuzaji ahakikishe kwamba amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba.

Kuelekea uhamishaji

Sheria ya Mikataba yataka mauzo ya ardhi yaandikwe, pande zote zitie saini, na saini hizo zishuhudiwe. Katika mikataba mingi mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei, na salio hulipwa ndani ya siku 90, muuzaji naye akikabidhi hati halisi, fomu ya uhamishaji iliyotiwa saini, vyeti vya kodi na ushuru, idhini zote, picha za pasipoti, na nakala za kitambulisho na PIN. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani, baada ya mthamini wa serikali kuikadiria nyumba.

Siku 90 zaonekana nyingi siku ya kutia saini. Kwa muuzaji anayeanza siku hiyo kutafuta cheti cha kaunti, hati ya kuondoa rehani, kikao cha bodi na saini ya mwenzi aliye safarini, siku hizo huyeyuka, na mkataba unaweza kuvunjika kwa kosa lake mwenyewe. Kwa mwenye faili lililokamilika, kazi inayobaki ni ya wiki chache.

Aliye na nia ya kuuza mwaka ujao aanze mwaka huu. Afanye upekuzi, alipe madeni ya kaunti, aite mpima ardhi na kuzungumza na familia yake, kwa utaratibu huo. Hata akibadilisha nia asiuze, hatakuwa amepoteza kitu: watoto wake watarithi nyumba ambayo historia yake yote imo ndani ya faili moja, badala ya kurithi kesi.